BASTOLA ZA MAKACHERO WA MAREKANI

Wengi wetu tumewaona katika sinema makachero wa Serikali ya Marekani, wale waitwao FBI, kila mmoja na bastola yake kiunoni. Mtu hudhani kwamba walikuwa nayo tangu mwanzo. Sivyo hata kidogo. Napenda kuwaeleza wasomaji kwa ufupi jinsi walivyoipata, na sababu za kuibadili.

Idara hiyo ilianzishwa mwaka 1908. Kwa miaka mingi makachero wake walikuwa wapelelezi tu, na wengi walikuwa wanasheria na mahasibu. Sheria haikuwapa ruhusa ya jumla ya kuchukua silaha wala ya kukamata watu. Mara nyingi iliwabidi kuomba msaada wa polisi wa mahali walipo.

Tarehe 17 Juni 1933, makachero na polisi walikuwa wakimhamisha mfungwa mmoja, Frank Nash, nje ya stesheni ya reli ya Kansas City. Walishambuliwa ghafula kwa risasi. Polisi 3 na kachero 1 walikufa, na mfungwa mwenyewe pia. Mwaka 1934 Bunge la nchi hiyo liliwapa makachero haki ya kuchukua silaha na kukamata watu.

Silaha waliyoizoea tangu hapo ilikuwa rivolva, hasa za Colt na Smith & Wesson. Rivolva ina kigurudumu chenye matundu, kwa kawaida 6, na kila tundu hutiwa risasi 1. Ukivuta kifyatulio, kigurudumu huzunguka, tundu moja husimama sawasawa na mtutu, na nyundo hupiga kitako cha risasi. Faida yake ni kwamba risasi moja ikikataa kulipuka, huvuta tena ikaja nyingine. Hasara yake ni kwamba risasi 6 zikiisha, huna budi kufungua kigurudumu, kutoa maganda na kujaza upya. Na adui hangoji.

Hasara hiyo ilionekana wazi huko Miami tarehe 11 Aprili 1986. Makachero 8 walipigana na wanyang'anyi 2 wa benki waliokuwa na bunduki. Wanyang'anyi wote wawili waliuawa, lakini makachero 2 walikufa na 5 walijeruhiwa. Kachero mmoja alipigwa risasi mkononi wakati alipokuwa akijaza rivolva yake.

Baada ya hapo walianza kuacha rivolva, wakachukua bastola ambayo risasi zake hupangwa katika kikasha ndani ya mpini. Kikasha kikiisha, huchomolewa kikatiwa kingine mara moja. Mwaka 1990 walipewa bastola ya milimita 10, lakini ilikuwa nzito na kishindo chake kilikuwa kikali. Mwaka 1997 wakachukua Glock ya risasi za .40. Mwaka 2016 walifanya mkataba wa Glock za milimita 9, kwa kuwa risasi ndogo zilikuwa zimetengenezwa vizuri zaidi, na mpigaji hulenga shabaha kwa urahisi kishindo kikiwa kidogo.

Basi, ndugu wanafunzi, tukiziona bastola hizo katika sinema tukumbuke mambo mawili: kwamba ruhusa ya kuzichukua ilitoka kwa sheria, na kwamba yaliyobadilishwa mwaka 1934 na baada ya 1986 yalitanguliwa na mazishi.