Shoka la Katwe lipimwe kabla ya kuvushwa mpaka

KAMPALA – Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini mchuuzi asiyechagua shoka atarudishiwa mzigo na wateja wake, na mtaji utakuwa umekwenda.

Wafanyabiashara wengi wanaofika Kampala kutoka Busia, Mutukula na Mpondwe wanaijua Katwe, mtaa wa mafundi ulio karibu na Mnara wa Saa, kwenye njia ya kwenda Entebbe. Hapa chuma chakavu hugeuzwa majiko, milango, mapanga na mashoka. Atakayeuliza “embazzi” ataonyeshwa shoka, na akitaja “ejjambiya” ataletewa panga. Neno hilo la pili halimpi shida Mswahili, kwani ni jambia lile lile lililosafiri kutoka pwani.

Shida ni rangi. Shoka likishapakwa rangi nyeusi au nyekundu, zuri na baya hufanana. Tofauti huonekana wiki mbili baadaye, mteja wa kijijini anapogonga gogo la mkaratusi na makali yakajikunja kama bati.

Jambo la kwanza kuuliza ni shoka limefuliwa kwa chuma gani. Springi ya lori ina kaboni ya kutosha, kwa hiyo ikipashwa moto na kuzimwa hukaza na kushika makali. Nondo laini ya ujenzi haikazi vya kutosha hata ikizimwa mara kumi. Fundi mwaminifu hukubali kuonyesha kipande cha springi alichokata kabla hakijaingia motoni.

Kipimo cha pili ni tupa. Mnunuzi aipitishe mara moja kwenye ncha ya makali. Tupa ikila chuma kwa urahisi kama inavyokula msumari, shoka ni laini. Ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, limekaza mno na huenda likameguka. Shoka zuri huiacha tupa ile kidogo, kwa ubishi. Hali hiyo hupatikana pale fundi alipolizima shoka, kisha akalirudisha kwenye joto la chini ili kupunguza ukakasi wa chuma. Anayeruka hatua hiyo ya pili anauza shoka litakalovunjika.

Kisha litazamwe tundu la mpini. Liwe limenyooka na makali: ukilishika shoka na kutazama kutoka kwenye makali kuelekea mwisho wa mpini, viwe kwenye mstari mmoja. Upande wa juu wa tundu uwe mpana kidogo kuliko upande wa chini, ili kabari ikipigwa, mti utanuke na kuzuia kichwa kisichomoke. Kichwa kilichochomoka hewani kinaweza kumuua mtu aliyesimama kando.

Mpini nao una siri yake. Nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini, zisiukate kwa mshazari. Mti uwe mkavu, kwa maana mbichi husinyaa na kulegea baada ya siku chache. Mpera unapendwa na wengi kwa ugumu wake. Mpini uliopakwa rangi nzito huficha nyufa, hivyo ni heri kununua usiopakwa.

Uzito ufuate soko. Kwa kuangusha miti na kupasua kuni, kichwa cha kilo moja na nusu hadi mbili kinatosha. Kwa mfugaji anayekata matawi ya boma, au msafiri anayelala porini, kishoka cha chini ya kilo moja hubebeka vizuri zaidi na hushikwa kwa mkono mmoja.

Mchuuzi anayemweleza mteja namna ya kunoa hupunguza malalamiko. Shoka libanwe lisitikisike, tupa isukumwe kwa upande mmoja tu, kuelekea kwenye makali, na kuinuliwa inaporudi. Mkono uvae glavu. Pande zote mbili zipigwe sawa, kisha kinoo chenye maji kimalizie. Shoka la kupasulia kuni libaki na makali manene kidogo, kwa kuwa makali membamba sana hung’oka kwenye fundo la mti.

Mashine ya umeme ya kunolea ni ya haraka, lakini ina hatari yake. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umeshapotea na hakuna kinoo kitakachoyaokoa. Anayeitumia aguse kidogo kidogo na kuchovya shoka majini kila mara. Baada ya kazi lifutwe, lipakwe mafuta kidogo dhidi ya kutu, na lisiachwe mvuani.

Linabaki suala la mpaka. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kuombewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, ikiwa thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani na bidhaa ipo katika orodha iliyokubaliwa na nchi husika. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine za ndani zinaweza kudaiwa. Shoka lililoagizwa kutoka nje ya Jumuiya na kuuzwa tena Kampala halina haki hiyo, hata kama lilinunuliwa Katwe.

Kwa hiyo ni vyema mnunuzi adai risiti inayoonyesha idadi, bei na mahali bidhaa ilipotengenezwa, na aulize orodha hiyo forodhani kabla ya kupakia. Mashoka yafungwe pamoja, makali yakiwa yamefunikwa kwa gunia au vipande vya mpira wa tairi, ili abiria na mpakuzi wasijeruhiwe.

Haya yote huchukua chini ya saa moja sokoni. Mteja aliyepata shoka lisilojikunja humtafuta tena aliyemuuzia, na huja na jirani yake.