Nani atatoa pini? Biashara ya kufunga matundu ya upasuaji

Muuza vifaa tiba anayepeleka mzigo Tarime au Mugumu, mkoani Mara, habebi kamera za upasuaji wa matundu madogo. Hubeba nyuzi, glovu na dripu, kwa sababu wilayani upasuaji mwingi ni ule wa kawaida: uzazi, ngiri, kidole tumbo. Mwenye mawe kwenye nyongo akitaka matundu madogo, kwa kawaida safari ni ya Mwanza au Dar es Salaam. Lakini kidonda anarudi nacho nyumbani, na hapo namna daktari wa mjini aliyochagua kukifunga inageuka kuwa kazi ya muuguzi wa zahanati.

Tundu la milimita 5 mara nyingi hufungwa ngozi tu. La milimita 10 au 12 ni lazima ufungwe pia ule utando mgumu ulio chini ya mafuta, la sivyo utumbo unaweza kupenya ukawa ngiri. Kushona ndani ya tundu jembamba, kwenye tumbo nene, ni shughuli, na viwanda vimeliona soko hilo. Endo Close ni sindano inayopitisha uzi huku daktari akiiangalia kwa kamera. Hutumika mara moja, ikatupwa. Carter-Thomason nayo hupitisha uzi, ila ina kipande cha kuielekeza ipite kwa pembe sahihi. Sindano ya Reverdin ni ya zamani, ni chuma kitupu: inatakaswa kwenye otoklavu na kurudi kazini. Halafu kuna sindano iliyopinda inayokuja na uzi wake kwenye pakiti, isiyodai kifaa kingine chochote. Kwa hospitali inayohesabu kila pakiti, sioni hoja ya kununua cha kutupa wakati cha chuma kipo, mradi otoklavu iwe nzima.

Ngozi ndiyo yenye hesabu ngumu. Pini za chuma hufunga kwa sekunde chache, ila zinahitaji koleo lake la kuzitolea, na si kila zahanati inalo. Naironi ni rahisi kwa bei, lakini nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au zaidi kidogo, na kwa anayeishi ndani ndani huko Serengeti nauli ya bodaboda inaweza kuipita bei ya uzi wenyewe. Gundi ya ngozi haimrudishi mtu hospitali. Tatizo ni bei, tena ile iitwayo Dermabond inatakiwa kutunzwa chini ya nyuzijoto 30. Uzi wa poliglaktini, ambao wengi huuita Vicryl hata ukiwa wa kampuni nyingine, hushikilia kidonda kwa wiki tatu hivi na kuyeyuka wote kati ya siku 56 na 70. Kwangu huo ndio unaoifaa Mara.

Vituo vya umma huagiza kwanza Bohari ya Dawa. Kifaa kikikosekana huko, hununua kwa Mshitiri, mfumo wa mzabuni wa mkoa ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima 2018. Duka binafsi linaweza kutamani mzigo wa Kenya kupitia mpaka wa Sirari, lakini vifaa tiba vinavyovuka pale viko chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, na mzigo usio na kibali ni hasara ya mwenye duka. Atakayeuza pini katika wilaya hizi afungashe na koleo humo humo kwenye boksi.