Jicho Vivu: Anayefundishwa ni Ubongo

Mzazi, jaribu jambo hili leo jioni. Funika jicho moja la mtoto wako kwa kiganja, mwonyeshe picha, kisha ufanye vivyo hivyo kwa jicho la pili. Akitulia la kwanza likifunikwa, lakini akilia au kuusukuma mkono wako likifunikwa la pili, mpeleke akapimwe macho.

Huenda ana jicho vivu. Kwa kumtazama tu ni vigumu kulitambua, kwani mara nyingi jicho lenyewe halina wekundu wala maumivu. Ubongo ukipokea picha safi kutoka jicho moja na picha yenye ukungu kutoka la pili, huchukua ile safi na kuipuuza nyingine. Miaka ikipita, uwezo wa jicho lililopuuzwa hukosa kukomaa. Chanzo huwa makengeza, tofauti kubwa ya nguvu kati ya macho mawili, au mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao. Mtoto halalamiki, hajawahi kuona vingine.

Matibabu huanza kwa miwani, na wapo wanaopona kwa hiyo pekee. Wengine hufunikwa jicho zuri kwa kibandiko ili ubongo ulazimike kutumia lile dhaifu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye tatizo la wastani, saa 2 kwa siku zilifaa sawa na saa 6. Katika saa hizo mpe kazi ya karibu: kupaka rangi, kusoma, hata kuchambua maharagwe. Kibandiko kikae kwenye ngozi, si juu ya miwani, maana watoto ni hodari wa kuchungulia. Akikataa kabisa, daktari anaweza kuagiza matone ya atropini yanayotia ukungu jicho zuri.

Usimfunike bila kupimwa. Jicho zuri nalo laweza kudhoofika.

Matokeo bora hupatikana kabla ya miaka 7, lakini usikate tamaa: katika utafiti wa 2005, takriban nusu ya watoto wa miaka 7 hadi 12 waliotibiwa walipata nafuu. Mtu mzima anayetegemea jicho moja alilinde kwa miwani ya kukinga, hasa fundi wa kuchomelea na mhudumu wa bodaboda.

Mboni inayoonekana nyeupe, hata kwenye picha ya simu, ni jambo jingine. Inaweza kuwa saratani ya jicho. Usingoje siku ya kliniki. Mpeleke mtoto hospitalini mara moja.