Akiba ya Damu ya Mtoto Njiti

Chuma ndicho kiipacho damu wekundu wake na nguvu ya kuchukua hewa. Mtoto hukipokea kwa mamaye akiwa tumboni, na sehemu kubwa huja katika miezi 3 ya mwisho. Basi aliyetimiza siku zake huzaliwa na akiba ya kumtosha miezi 4 hata 6. Bali njiti, azaliwaye kabla ya majuma 37, hutoka ghala lake halijajaa.

Tena njiti anyonyaye vema hukua upesi, na kule kukua huimaliza akiba, pengine kwa miezi 2 au 3 tu. Mama huona mashavu yamejaa, asiangalie weupe wa viganja. Hata mimi nalidhani mtoto mnene hana haja ya dawa! Maziwa ya mama ni bora kupita yote, ila chuma chake ni haba.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lashauri mkunga asiharakishe kukata kitovu, angoje dakika 1 au zaidi, damu ya kondo imfikie mtoto. Ila asiyepumua ashughulikiwe kwanza. Halafu, tangu majuma 2, njiti anyonyaye hupewa dawa ya chuma, miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kipimo na akiweke mganga, na chupa ifichwe mbali na ndugu zake wadogo, maana chuma kikizidi huua.