Kompyuta ikichemka, usikimbilie kulaumu prosesa

DALILI ya mvua ni mawingu, na kompyuta inayougua joto nayo hutoa dalili zake kabla ya kuzima. Mashine iliyozoea kufungua faili kwa wepesi huanza kujikokota. Feni hunguruma hata mwenyewe anaposoma barua pepe tu. Hatimaye, katikati ya kazi, skrini huwa giza bila onyo.

Kwa kijana anayejipatia riziki kwa kuhariri video za arusi, tukio kama hilo si usumbufu mdogo. Mteja anasubiri, kazi ya usiku kucha imepotea, na huenda fundi wa kwanza kuitwa akatamka kwamba prosesa imeungua na sharti inunuliwe nyingine.

Aghalabu hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi kusikizwa. Prosesa za kisasa hujilinda. Joto likifikia kikomo, hupunguza kasi zenyewe, na likizidi huizima mashine. Kwa hivyo, kompyuta inayozimwa na joto mara nyingi ina prosesa nzima. Kilicho taabani ni chombo cha kuipoza, hususan iwapo ni kile kinachotumia maji.

Upozaji wa aina hiyo si jambo geni. Kampuni ya Apple iliutumia mwaka wa 2004 katika kompyuta yake ya Power Mac G5. Siku hizi hupatikana sana katika mashine za michezo na za kuhariri video.

Utendakazi wake haupishani sana na ule wa gari. Bamba la shaba hukalia prosesa na kufyonza joto. Pampu husukuma maji yaliyochanganywa na kemikali za kuzuia kutu, yakapita katika mipira miwili hadi kwenye rejeta. Hapo feni hupuliza hewa na kuliondoa joto hilo. Kila sehemu ina namna yake ya kuharibika, na ukilichunguza joto kwa makini, litakuonyesha ni ipi.

Hatua ya kwanza ni kulipima. Katika Windows, programu ya bure kama HWiNFO huonyesha joto la prosesa. BIOS pia huonyesha. Kompyuta isiyo na kazi huwa baina ya nyuzi 30 na 50. Chini ya kazi nzito, nyuzi 70 hadi 90 si ajabu.

Hata hivyo, usitishwe na tarakimu pekee. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, ilhali zile za AMD za Ryzen 7000, zilizotoka mwaka wa 2022, ziliundwa ziweze kufika nyuzi 95 zinapofanya kazi nzito. Kinachofaa kuchunguzwa zaidi ni mwendo wa joto hilo.

Ipe mashine kazi nzito huku ukitazama saa. Joto likiruka hadi kikomo katika sekunde chache na kasi ya prosesa ikaporomoka, basi joto haliondoki pale lilipozaliwa. Ama pampu imesimama, ama bamba halijaigusa prosesa barabara, ama pesti ya kupitisha joto iliyo baina yao imekauka. Shaka huzidi iwapo joto linapanda hadi nyuzi 80 au 90 hata kompyuta ikiwa imetulia katika BIOS.

Lakini likipanda polepole, kwa dakika 10 au 20, maji yanazunguka ila rejeta imelemewa. Huenda imezibwa na vumbi, au feni yake imekwama. Kumbuka pia kwamba maji hayo hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumbani. Mashine ile ile itasoma joto la juu zaidi Mombasa kuliko Limuru, bila ya kuwa na hitilafu yoyote.

Hatua ya pili ni kuipima pampu. BIOS nyingi huonyesha mizunguko yake kwa dakika, ambayo kwa pampu nyingi huwa maelfu kadhaa. Ikisoma sufuri, kagua waya kwanza, kwa kuwa baadhi ya pampu hazitumi taarifa hiyo hata zikiwa nzima. Kisha iguse kwa kidole. Iliyo hai hutetema kidogo. Sauti ya maji kububujika ni ishara ya hewa ndani, na sauti ya kusaga ni ishara ya uchakavu.

Tatu, gusa mipira yote miwili. Ikiwa baridi ilhali prosesa inachemka, joto haliyafikii maji au maji hayatembei. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, mkondo ni dhaifu. Yote miwili pamoja na rejeta ikiwa moto, safisha vumbi na ukague feni.

Kabla ya kufungua chochote, zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Ukiona unyevu karibu na viungo vya mipira, usiiwashe tena hadi ikaushwe na chombo hicho kiondolewe.

Iwapo pesti mpya na skrubu zilizokazwa sawasawa hazikuleta nafuu, kuna jaribio la kukata shauri. Azima chombo cha kawaida cha kupoza kwa feni kinachoafiki prosesa hiyo, ukifunge. Joto likishuka, prosesa haina hatia. Vyombo vingi vya maji huuzwa vikiwa vimefungwa kabisa, na baada ya miaka kadhaa maji hupungua kwa kupenya taratibu katika kuta za mipira. Kikifikia hapo, hubadilishwa badala ya kutengenezwa.

Kwa hivyo fundi akikuambia prosesa imekufa, muulize maswali mawili kabla ya kutoa pesa. Joto lilichukua muda gani kupanda? Na pampu ilikuwa ikizunguka? Asipokuwa na majibu, hajaipima bado.