Ukimbizi Uliopita Ngara na Katavi Ni Historia Yetu

Tarehe 28 Aprili 1994 Wanyarwanda walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, na katika muda wa saa 24 hivi watu wapatao 250,000 walikuwa wameshaingia wilaya ya Ngara. Tumezoea kulihesabu tukio hilo kuwa habari ya Rwanda iliyopitia kwetu tu. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Ukimbizi ni sehemu ya historia ya Tanzania yenyewe, na wanaofaa zaidi kuitafiti sasa ni vijana wa Ngara, Kigoma, Katavi na Tabora, kwa sababu mashahidi wake ni jirani zao, na wanazeeka. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972, mwaka wa mauaji ya Burundi, ameshavuka 70.

Ushahidi umetapakaa nchi nzima. Tengeru, karibu na Arusha, kuna makaburi zaidi ya mia moja ya Wapolandi: watu waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti, wakatoka Umoja wa Kisovieti kupitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wakapokewa Tanganyika, wengi wao wanawake na watoto. Mazimbu, Morogoro, ambako leo wanasoma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliwajengea vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi shule yenye jina la Solomon Mahlangu. Rutamba, mkoani Lindi, ilipokea Wamsumbiji waliokimbia vita vya ukombozi. Lakini palipo na mengi zaidi ya kujifunza ni makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo mkoani Katavi, walikopelekwa Warundi waliookoka mauaji ya mwaka 1972. Walikatiwa mashamba porini, wakafyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na baada ya miaka zaidi ya 35 watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo wakapewa uraia.

Chukua kitu kimoja tu katika maisha hayo: kibali. Mkazi wa Katumba hakuruhusiwa kutoka makazini bila karatasi ya ruhusa. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1965 ilieleza mamlaka ya serikali. Haikueleza mgonjwa alifanyaje ofisi ilipokuwa imefungwa, aliyekwenda msibani alipewa siku ngapi, au nani alipita njia za panya. Hayo anayajua mzee, na huenda karatasi yenyewe bado anayo sandukuni, pamoja na mhuri na tarehe yake. Kijana anayezungumza Kirundi nyumbani na Kiswahili shuleni anaweza kumhoji mzee huyo, kisha akamhoji karani mstaafu aliyekuwa akigonga mhuri. Mtafiti mgeni mwenye mkalimani hawezi kulifanya hilo kwa wepesi.

Wapo wanaosema kumbukumbu za wazee haziaminiki. Ni kweli miaka huchanganyika, na mtu hupenda kusahau yanayomwaibisha. Lakini ripoti za kambi nazo ziliandikwa na watu waliokuwa wakiomba fedha au kujitetea, kwa hiyo zote zinahitaji kupimwa. Pale Ngara, mwenye shamba kubwa atakumbuka vibarua wakimbizi wa ujira mdogo, na jirani yake atakumbuka miti iliyokatwa na mazao yaliyoibwa. Wote wawili wanasema kweli. Atakayemhoji mmoja ataandika nusu ya wilaya.

Hoja nzito zaidi ni ya kutonesha vidonda. Walioshuhudia Wanyarwanda wakirudishwa kwao Desemba 1996, na raia wapya wanaoogopa kuitwa tena wakimbizi, wana sababu nzuri ya kunyamaza. Basi ruhusa iombwe kabla simu haijaanza kurekodi, jina lifichwe mwenyewe akitaka, na asiyetaka kusema aachwe kwa heshima. Ila tukiacha kuuliza kabisa, nafasi hiyo inajazwa na uvumi, na ni uvumi unaomfanya mtoto aliyezaliwa Mishamo aulizwe kwao ni wapi. Kazi hii haihitaji fedha nyingi: inahitaji walimu wa historia walio tayari kuwatuma wanafunzi wao kijijini wakiwa na maswali mazuri, na nakala ya maelezo ibaki kwenye sekondari ya kata badala ya kuishia Dar es Salaam, ili msimulizi asomewe na aisahihishe angali hai.