Pikipiki imegoma kuwaka: tuulize kwanza, pesa baadaye

"Shikamoo mjomba. Pikipiki imegoma. Fundi anasema stata imekufa."

Sisi tulio ughaibuni tunazijua simu hizi. Pesa inatakiwa leo leo, maana bodaboda ikilala, hesabu ya siku hakuna na nyumbani hakuna chakula.

Mwaka 2019 tulimtumia mpwa wetu wa Morogoro pesa ya stata mpya, jasho la zamu mbili za usiku. Ikafungwa, na pikipiki haikuwaka. Fundi wa pili akakuta waya wa ethi kwenye betri umelegea na kuota kutu. Akausugua kwa msasa, akakaza nati moja, injini ikanguruma. Stata ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Tangu hapo tunauliza kwanza. Weka nyutro, fungua swichi, bonyeza stata. Je, taa zinafifia na unasikia tik-tik-tik? Tazama betri na nyaya zake. Betri nzima iliyojaa, ikipimwa injini imezimwa, huonyesha kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, haina chaji.

Taa ni kali lakini hakuna sauti kabisa? Angalia kitufe cha stata, swichi ya klachi na ile ya nyutro. Relei inagonga mara moja na stata haizunguki? Hapo ndipo relei na stata zenyewe zinaposhukiwa.

Stata inazunguka lakini injini haishiki? Basi stata haina neno. Hakikisha swichi ya kuzimia injini haikusukumwa kwa bahati mbaya; jambo hili limewaaibisha wengi. Kisha toa plagi, ivike kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli, piga kiki. Cheche ikiwa kali, tafuta tatizo kwenye mafuta. Ikikosekana, jaribu plagi nyingine, kisha kagua kofia, koili na CDI.

Kama betri inakufa kila wiki, usikimbilie kununua nyingine. Washa injini, vuta mafuta kidogo, upime tena: volti ziwe kati ya 13.5 na 14.5. Zisipopanda, mfumo wa chaji una hitilafu. Hesabu pia redio, taa za urembo na chaja za simu zilizoungwa barabarani. Na fyuzi ikiungua, asiweke kipande cha waya badala yake. Pikipiki inaweza kuteketea.

Wengine wetu hatuwezi kurudi nyumbani tukajionee wenyewe. Siku hizi mpwa wetu ana mita ndogo ya umeme. Akipiga simu, baada ya marahaba yetu anatutajia volti kwanza, ndipo anataja bei.